Froebel, mwasisi wa chekechea aliyeona elimu katika donge la unga

MTOTO wa miaka mitatu hamwachi mzazi akande unga wa chapati kwa amani. Atasimama kando ya meza, atanyoosha mkono, atalilia kipande, na akishakipata atakiviringa kiwe nyoka, atakibonyeza kiwe sahani, kisha atakifinya tena kiwe donge na kuanza upya. Wazazi wengi humpa kipande hicho ili wapate nafasi ya kumaliza kazi. Ni wachache wanaojua kwamba kuna mtu aliyetumia miaka 15 ya mwisho ya uhai wake kuwashawishi wafalme, mawaziri, walimu na akina mama kwamba shughuli ya namna hiyo ndiyo mwanzo wa elimu yenyewe.

Mtu huyo ni Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeasisi shule za chekechea. Jina la Kijerumani alilozipa shule hizo, kindergarten, lenye maana ya bustani ya watoto, lingali limeandikwa kwenye mabango ya shule nyingi humu nchini, japo mengi ya yale aliyoyakusudia yaliachwa njiani.

Froebel alizaliwa Aprili 21, 1782, katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya eneo la Thuringia. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri aliyehudumia vijiji kadhaa, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Mamake alifariki mtoto akiwa na umri wa miezi tisa pekee. Kwa muda mrefu baada ya hapo alilelewa na watumishi na ndugu zake wakubwa.

Babake alioa tena mwaka 1785. Mwanzoni mama wa kambo alimpenda mtoto huyo, naye akamshika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Lakini mama huyo alipojifungua mwanawe mwenyewe, mapenzi yalihama. Aliacha kumsemesha Friedrich kwa nafsi ya pili wanayotumia watu wa nyumba moja, akawa anamwambia kwa nafsi ya tatu, kana kwamba mtoto hayuko mbele yake. Katika Kijerumani cha wakati huo, hiyo ilikuwa namna ya kuzungumza na mtumishi. Miongo kadhaa baadaye, Froebel alipoandika habari za maisha yake, jambo hilo dogo la sarufi ndilo alilolieleza kwa uchungu mkubwa kuliko mengine ya utotoni.

Babake alimwona mzito wa kuelewa, akampeleka katika shule ya wasichana ya kijijini badala ya ile ya wavulana. Alikuwa mtoto wa kukaa peke yake, akiokota mawe, majani na vijiti. Nafuu ilimjia mwaka 1792, alipokuwa na umri wa miaka 10, mjombake, ndugu wa marehemu mamake, alipomchukua kwenda kuishi naye katika mji wa Stadtilm. Huko kwa mara ya kwanza alipata wenzake wa kucheza nao, na akagundua kwamba hakujua kucheza. Mwili wake ulikuwa mzito, mikono haikuzoea kurusha wala kudaka. Ilimbidi ajifunze akiwa amechelewa kile ambacho wenzake walikuwa nacho tangu wakiwa wachanga.

Ukisoma maisha yake kwa makini, utaona kwamba falsafa yake yote ilichipuka hapo. Alikuwa mtu mzima aliyejua vyema gharama ya utoto usiokuwa na mchezo wala mkono wa mama.

Mnamo 1797 alipelekwa kwa mwangalizi wa misitu akajifunze kazi hiyo kwa miaka miwili. Mwalimu wake huyo hakuwa na wakati wa kumfunza, hivyo kijana alijisomea mwenyewe hesabu na elimu ya mimea. Mwaka 1799 alijiunga na Chuo Kikuu cha Jena. Masomo hayakudumu. Alimkopesha nduguye pesa ambazo hazikurudi, naye akashindwa kulipa madeni yake, akafungwa wiki tisa katika korokoro ya chuo. Babake hakukubali kumwokoa hadi kijana alipoahidi kutodai chochote zaidi katika urithi. Mzee huyo alifariki mwaka 1802. Kwa miaka mitatu iliyofuata Froebel alihangaika na kazi za huku na huko, ikiwemo ya karani na ya kupima ardhi.

Ualimu ulimjia kwa bahati. Alifika Frankfurt mwaka 1805 akinuia kusomea uchoraji wa majengo, lakini mwalimu mkuu wa shule moja ya mfano mjini humo, Anton Gruner, akamshauri aache majengo ashike chaki. Siku ya kwanza aliposimama mbele ya darasa la wavulana wa miaka tisa hadi 11, alitambua kwamba alikuwa amefika alikokuwa akitafuta tangu zamani bila kujua jina lake. Mwaka huohuo alikwenda Yverdon, nchini Uswisi, kumwona Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima kwa kuwafunza watoto kupitia vitu wanavyoviona na kuvigusa badala ya maneno ya kukariri. Baadaye alirudi huko na wanafunzi watatu, ndugu wa familia ya von Holzhausen aliokuwa akiwafunza nyumbani, akakaa nao kuanzia 1808 hadi 1810.

Alimheshimu mno Pestalozzi ila hakuridhika kikamilifu. Aliona kwamba masomo yale yalikuwa vipande vipande, na kwamba mtoto alikuwa akiangalia vitu zaidi ya alivyovitenda. Hiyo ndiyo tofauti iliyowatenganisha wawili hao. Kwa Froebel, jicho halitoshi. Mkono sharti ufanye jambo, na kile kilichofanywa ndicho kimwonyeshe mtoto alichokuwa akikifikiri.

Aliendelea na masomo Göttingen kisha Berlin, ambako alizama katika elimu ya madini chini ya Profesa Christian Samuel Weiss. Vita dhidi ya Napoleon vilipopamba moto mwaka 1813, alijitolea kupigana katika kikosi cha Lützow. Vitani hakupata sifa yoyote ya kishujaa, lakini alipata marafiki wawili waliomfaa maisha yote, Wilhelm Middendorff na Heinrich Langethal. Mwaka 1814 alirudi Berlin akawa msaidizi katika jumba la makumbusho ya madini. Siku nzima alikuwa akipanga fuwele, yale mawe yenye pande zilizonyooka, akistaajabia jinsi maumbo mengi yanavyotokana na kanuni chache. Msomaji aweke jambo hilo akilini, maana tofali na mpira alivyokuja kuwapa watoto vilianzia katika makabati hayo.

Mnamo 1813 nduguye Christoph, ambaye pia alikuwa mchungaji, alifariki kwa homa kali aliyoambukizwa akiwauguza askari. Alimwacha mjane na wana watatu. Froebel aliacha kazi ya makumbusho mwaka 1816, akaenda kuwalea wana hao. Akiwa njiani alipitia kwa nduguye mwingine akachukua watoto wawili zaidi. Kwa wapwa hao watano alifungua shule katika kijiji cha Griesheim mnamo Novemba 13, 1816, akaipa jina kubwa la Taasisi ya Elimu ya Wajerumani Wote. Mwaka uliofuata ilihamia Keilhau, kijiji kidogo karibu na mji wa Rudolstadt, na wale wenzake wawili wa vitani wakaja kufundisha. Mwaka 1818 alimwoa Henriette Wilhelmine Hoffmeister, mwanamke msomi kutoka Berlin. Hawakujaaliwa mtoto.

Maisha ya Keilhau yalikuwa ya dhiki na furaha. Wavulana walilima, walijenga, walipanda milima, walichonga mbao. Mwaka 1826 Froebel alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu malezi ya binadamu, ambacho kwa kweli ni kigumu kusomeka. Mtu aliyejua kuzungumza na mtoto wa miaka minne hakujaliwa kalamu nyepesi. Wakati huo serikali za Ujerumani zilikuwa zikiwasaka watu waliodhaniwa kuwa wachochezi, na shule ya Keilhau ikashukiwa. Mkaguzi aliyetumwa kuichunguza alirudi na sifa tele, lakini uvumi ulikuwa umeshafanya kazi yake. Wazazi waliondoa wana wao, na shule iliyokuwa na takriban wanafunzi 60 ikabaki na wachache mno.

Kuanzia mwaka 1831 alikuwa Uswisi akijaribu kuanzisha shule, akipingwa na viongozi wa dini hapa na kualikwa na serikali pale. Alipokuwa msimamizi wa nyumba ya mayatima mjini Burgdorf mwaka 1835, aliona kwa karibu jambo lililokuwa likimsumbua kwa muda mrefu. Watoto walifika shuleni wakiwa na miaka sita au saba huku mengi yakiwa yameshaharibika. Waliotangulia kuwafunza, yaani umaskini, upweke na kazi nzito za wazazi, walikuwa wamemaliza somo lao. Akiwa na umri wa miaka 55, wakati ambao wengi hufikiria kustaafu, Froebel aliamua kuanza upya na watoto wadogo zaidi.

Alirudi Thuringia, na mwaka 1837 katika mji wa Bad Blankenburg akafungua karakana ya kutengeneza vifaa vya mchezo. Vifaa hivyo aliviita zawadi. Ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufi yenye rangi mbalimbali, kila mmoja ukiwa na uzi wa kuubembeza. Zawadi nyingine zilikuwa mpira wa mbao, mche mraba na mcheduara. Kisha mche mraba uliokatwa katika vipande vinane vidogo vilivyo sawa, ambavyo mtoto aliweza kuvitawanya, kuvijenga kuwa kiti, ngazi au nyumba, na mwishowe kuvirudisha pamoja kama vilivyokuwa. Leo tunaviona vipande hivyo katika kila duka la vifaa vya watoto na kudhani vimekuwepo tangu Adamu. Mtu alivibuni, na alichekwa kwa kuvibuni.

Pamoja na zawadi hizo kulikuwa na shughuli: kukunja karatasi, kusuka vipande vya karatasi, kudunga, kushona, kuchora, na kufinyanga. Tofauti yake na zawadi ni kwamba zawadi hurudi kisandukuni kama ilivyotoka, ilhali katika shughuli mtoto hubadilisha kitu kabisa. Mojawapo ilitumia chakula. Mbaazi kavu zililoweshwa majini hadi zikawa laini, mtoto akazichoma kwa vijiti vyembamba na kuunganisha vijiti hivyo vikawa meza, kibanda au nyota. Mbaazi zikikauka tena, hushika vijiti barabara. Ufinyanzi nao katika mfumo huo ulianza na mpira. Mtoto aliviringa donge la udongo kati ya viganja hadi likawa duara; kutoka kwenye duara alipata tufaha, yai au kiota cha ndege; akilibonyeza pande zote alipata mche mraba. Maumbo yale ya zawadi alikutana nayo mara ya pili, safari hii yakitoka mikononi mwake.

Mnamo Juni 28, 1840, shule hiyo ilizinduliwa rasmi kama Kindergarten ya Wajerumani Wote. Inasemekana jina hilo lilimjia akitembea mlimani na wenzake, baada ya kutafuta kwa muda mrefu bila mafanikio. Hakulichukua kama pambo. Watoto wa Blankenburg walikuwa na bustani halisi, kila mmoja na kijishamba chake cha kupanda mboga na maua, na pembeni kulikuwa na shamba la pamoja. Gharama zilikusudiwa kulipwa kwa hisa ambazo wanawake wa Ujerumani wangenunua. Hisa zilizouzwa zilikuwa chache mno. Mkewe Henriette hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1839.

Mwaka 1844 alitoa kitabu kilichompa sifa kuliko vyote, mkusanyiko wa nyimbo na michezo ya mama na mtoto, wenye picha za Friedrich Unger na mahadhi ya Robert Kohl. Miongoni mwa michezo hiyo takriban 50, mmoja unahusu unga. Mama hushika mikono ya mtoto na kuipigapiga pamoja kana kwamba wanatandaza keki, kisha wanajifanya kuipeleka kwa mwokaji. Ni mchezo ambao mama wa Kijerumani waliucheza kabla yake, Froebel hakuubuni. Alichofanya ni kumweleza mama kilichomo. Mtoto akipiga viganja anafunza misuli yake. Akiuliza mkate umetoka wapi, mama humrudisha kwa mwokaji, kutoka kwa mwokaji hadi kwa msagaji, kutoka kwa msagaji hadi kwa mkulima, na kutoka kwa mkulima hadi kwa mvua, jua na Muumba. Katika donge moja kuna hesabu, kuna kilimo na kuna shukrani, bila mtoto kuambiwa kwamba anafundishwa.

Tukiruka kidogo kutoka wakati wake hadi wetu, tutaona jinsi donge hilo lilivyobadilika. Mwaka 1897 William Harbutt, mwalimu wa sanaa katika mji wa Bath, Uingereza, alibuni Plasticine, udongo usiokauka. Katika miaka ya 1950 kampuni moja ya Cincinnati, Marekani, iliyokuwa ikiuza kinyunga cha kusafishia karatasi za ukutani, iligundua kupitia kwa mwalimu wa watoto aitwaye Kay Zufall kwamba watoto walikipenda kwa kufinyanga. Kuanzia 1956 kikauzwa kwa jina Play-Doh. Humu nchini, kabla na baada ya yote hayo, watoto wamefinyanga ng'ombe kwa udongo wa mtoni na kupika vyakula vya matope katika kalongolongo. Mtaala wa umilisi, ambao ulianza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unaitambua kazi ya kufinyanga miongoni mwa shughuli za ubunifu katika madarasa ya PP1 na PP2.

Mzazi asiyetaka kununua vya dukani anaweza kutengeneza kinyunga cha kuchezea ambacho mtoto akikiweka kinywani, na bila shaka atakiweka, hakitamdhuru. Tahadhari ni chache lakini ni za lazima. Unga wa ngano ukiwa mbichi si salama kuliwa, hata kama hauna yai. Mwaka 2016 nchini Marekani watu waliugua kutokana na bakteria wa E. koli walioingia mwilini kupitia unga mbichi. Vilevile, kinyunga cha kawaida cha nyumbani hutiwa chumvi nyingi ili kisioze, na chumvi kiasi hicho ni sumu kwa mtoto mdogo akimeza kingi. Kwa hivyo upike unga wako. Chemsha kikombe kimoja cha maji pamoja na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia, punguza moto, tia kikombe kimoja na robo cha unga wa ngano na usonge kama ugali kwa dakika kadhaa, hadi unga uive na donge liachane na sufuria. Liache lipoe kabisa kisha likande kwa mikono iliyopakwa mafuta. Manjano kidogo yatalipa rangi ya dhahabu, maji ya mchicha uliochemshwa yatalipa kijani. Kwa kuwa halina chumvi, livunike kwenye jokofu na litumiwe kwa siku moja au mbili tu.

Wengine huchanganya siagi ya njugu, maziwa ya unga na asali kidogo hadi mchanganyiko uache kunata. Huo hauhitaji moto na ni mtamu, lakini asali haipaswi kupewa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, na njugu ni hatari kwa watoto ambao miili yao haizipatani nazo. Katika mchanganyiko wowote, mtoto aoshe mikono kwanza na mtu mzima awe karibu. Froebel angeongeza sharti moja ambalo ndilo gumu kwa wengi wetu: mtu mzima huyo naye ashike donge lake na afinyange, badala ya kusimama juu ya mtoto akimwelekeza.

Turudi Ujerumani. Mwezi Agosti 1848, mwaka wa mapinduzi, Froebel aliwakusanya walimu mjini Rudolstadt awaonyeshe michezo yake na watoto. Wapo waliocheka. Mzee wa miaka 66 mwenye nywele ndefu, akirukaruka katika duara na watoto, hakuwa picha ya mwalimu waliyoizoea. Wengine walikereka kwamba alitaka wanawake wafunzwe kazi hiyo na kuitwa walimu. Hata hivyo mkutano uliishia kuunga mkono ombi kwamba chekechea ziwe sehemu ya elimu ya taifa. Katika hoja ya wanawake, Froebel alikuwa mbele ya nyakati zake kwa hatua nyingi, ingawa alilifikia jambo hilo kupitia njia ya kizamani, yaani imani yake juu ya umama. Matokeo yake ndiyo yaliyokuwa mapya. Wasichana ambao hawangeweza kuingia chuo chochote walipata taaluma.

Mwaka 1849 alihamia Bad Liebenstein, mji wa chemchemi ambako matajiri walikwenda kutafuta afya. Wenyeji walimwona mzee mpumbavu anayecheza na watoto wa wakulima. Mgeni mmoja, Bertha von Marenholtz-Bülow, mwanamke wa ukoo wa kitajiri, alisikia kejeli hizo akaenda kujionea mwenyewe. Alitoka hapo akiwa mfuasi, na ndiye aliyelisambaza jina la Froebel katika nchi nyingi za Ulaya. Mwaka uliofuata Froebel alipewa nyumba ya Marienthal, karibu na hapo, awe akifunzia walimu. Mnamo Juni 1851 alimwoa mmoja wa wanafunzi wake, Luise Levin, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka 33. Baadhi ya jamaa hawakufurahia, lakini kwa mara nyingine nyumba yake ikawa na uchangamfu.

Furaha hiyo ilidumu miezi miwili. Agosti 7, 1851, Waziri wa Elimu wa Prussia, Karl Otto von Raumer, alipiga marufuku chekechea zote katika ufalme huo kwa madai kwamba zilieneza ukafiri na usoshalisti kwa watoto. Sehemu ya chanzo ilikuwa kuchanganya majina. Mpwa wake, Karl Froebel, aliyeongoza chuo cha wanawake mjini Hamburg na mwenye misimamo mikali ya kisiasa, alikuwa amechapisha kijitabu kuhusu vyuo vya wasichana na chekechea, na serikali ikamhesabia mjomba yaliyoandikwa na mpwa. Froebel, mtu wa dini aliyemtaja Mungu karibu katika kila ukurasa, aliandika kueleza kosa hilo. Alimwandikia hata mfalme. Marufuku haikuondolewa, na inaelekea kwamba kosa la jina lilikuwa kisingizio tu. Baada ya mapinduzi ya 1848 watawala walimhofia mtu yeyote anayelea watoto wa kujiamulia na kujitengenezea mambo, hata kama anachotengeneza ni kibanda cha vijiti na mbaazi.

Pigo hilo lilimkata maini. Alizungumza na jamaa kuhusu kuhamia Marekani, lakini mwili ulikuwa umechoka. Aprili 21, 1852, wanafunzi na watoto wa Marienthal walimsherehekea kwa maua na nyimbo alipotimiza miaka 70. Wiki chache baadaye alihudhuria mkutano wa walimu wa Ujerumani mjini Gotha. Alipoingia ukumbini, mkutano mzima ulisimama kwa heshima yake. Baadhi ya walimu hao walitoka katika maeneo ambako kazi yake ilikuwa imefungwa kwa amri ya serikali. Alifariki Juni 21, 1852, akazikwa katika makaburi ya Schweina.

Wafuasi wake ndio walioibeba kazi hiyo nje. Mwaka 1856 Margarethe Schurz, Mjerumani aliyekuwa amehamia Marekani, alifungua chekechea nyumbani kwake Watertown, Wisconsin, kwa bintiye na watoto wengine. Kwenye maonyesho ya Philadelphia ya mwaka 1876, mama mmoja aliona zawadi za Froebel akamnunulia mwanawe. Mwana huyo, Frank Lloyd Wright, alikuja kuwa mchoraji majengo mashuhuri, naye alikiri hadi uzeeni kwamba mguso wa vipande vile vya mbao haukuwahi kumtoka vidoleni.

Prussia iliondoa marufuku mwaka 1860, miaka minane baada ya kifo cha aliyelengwa. Luise Levin alihamia Hamburg, akaendelea kuwafunza walimu wa chekechea hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1900. Mnara uliosimamishwa kaburini Schweina ulibuniwa na Middendorff, yule rafiki wa vitani. Hauna sanamu ya mtu wala malaika. Chini kuna mche mraba wa jiwe, juu yake mcheduara, na juu kabisa mpira.